Nimejaribu karibu kila mbadala wa maziwa: uzoefu wa mtu ambaye tumbo lake halitaki laktosi

Kwa wasio na subira ya kusoma hadi chini, hukumu yangu ni hii: kama shida yako ni laktosi tu, ile sukari ya maziwa ambayo matumbo ya wengi hayaimeng'enyi, na huna mzio wa maziwa, kinachoshinda vyote ni maziwa ya ng'ombe yasiyo na laktosi. Ndiyo, ya ng'ombe yule yule. Nimepita kwenye soya, oti, lozi, nazi, mchele na vidonge kabla ya kulisema hili, na vingi kati ya hivyo vina kazi vinayoiweza. Viwili sivitaki tena hata nikipewa bure. Nitavitaja.

Lakini kwanza hakikisha unaumwa kile unachodhani unaumwa. Tumbo kujaa gesi, kunguruma, kusokota na kuharisha kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kunywa maziwa ni dalili zinazoelekeza huko, ila yapo magonjwa mengine ya utumbo yenye dalili hizo hizo. Mimi nilipimwa kwa pumzi. Unalala bila kula, asubuhi unapuliza kwenye kifaa, unakunywa maji yaliyotiwa laktosi, kwa kawaida gramu 25 au 50, kisha unapuliza tena na tena kwa saa kadhaa. Kinachosakwa ni haidrojeni. Seli za mwili wetu hazitengenezi gesi hiyo; wanaoitengeneza ni bakteria wa tumboni wanapopata sukari ambayo haikumeng'enywa. Ikipanda kwa sehemu 20 kwa milioni kuliko ulipoanzia, kipimo kinahesabiwa kuwa chanya. Hakuna maumivu ya kipimo chenyewe, ila kumbuka umenyweshwa kwa makusudi kile kinachokutesa. Usiahidi mtu kikao alasiri ya siku hiyo.

Kuelewa kinachoendelea tumboni kulinisaidia kuliko bidhaa yoyote. Laktosi ni sukari ya maziwa, glukosi na galaktosi zilizoshikana. Ili iingie kwenye damu lazima ikatwe, na mkataji ni kimeng'enya kiitwacho laktasi, kilichoko kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Mtoto mchanga anacho tele. Kwa walio wengi kinaanza kupungua baada ya kuachishwa ziwa, na inakadiriwa kuwa takribani theluthi mbili ya watu duniani hawaimeng'enyi laktosi ipasavyo wakishakuwa wakubwa. Kwa maneno mengine sisi ndio kawaida, na hao wanaomaliza glasi baada ya glasi hadi uzeeni ndio wenye mabadiliko ya jeni. Laktosi isiyokatwa hushuka hadi utumbo mpana, inavuta maji, bakteria wanaichachusha, na yanayofuata unayajua.

Halafu kuna suala la kiasi, ambalo watu hulisahau. Glasi ya mililita 250 ina laktosi kama gramu 12, na wengi wenye hali hii huvumilia kiasi hicho kwa mkupuo mmoja bila taabu kubwa, hasa kikienda pamoja na chakula. Mimi maziwa kidogo ndani ya chai hayanifanyi kitu. Glasi nzima nikiwa na njaa ndiyo inayonimaliza. Mpaka wako utakuwa mwingine, na namna ya kuujua ni kuacha maziwa kwa wiki mbili tatu hadi tumbo litulie, kisha kuyarudisha kidogo kidogo huku ukijiangalia.

Sasa bidhaa. Maziwa yasiyo na laktosi hutengenezwa kwa kutia laktasi kiwandani, ili ile kazi ambayo utumbo wako umeshindwa iwe imeshafanywa kabla hujafungua pakiti. Protini, mafuta na kalsiamu vinabaki palepale. Utakachogundua mara moja ni utamu. Hakuna sukari iliyoongezwa. Ni kwamba glukosi na galaktosi zikiachana, ulimi unazihisi tamu kuliko zilipokuwa laktosi. Kwenye kahawa naupenda utamu huo na povu linatoka zuri kabisa. Kwenye mchuzi mweupe wa chumvi unanikera kidogo. Ukioka nayo, keki hushika rangi mapema kuliko ulivyozoea, kwa hiyo chungulia tanuri kabla ya muda. Hayo ndiyo malalamiko yangu yote.

Onyo moja tu, na ni zito. Mzio wa maziwa ni kitu kingine kabisa: hapo mfumo wa kinga unapambana na protini za maziwa, na kwa baadhi ya watu mapambano hayo yanaweza kuua. Maziwa yasiyo na laktosi yana protini zote. Mwenye mzio asiyaguse, wala asivitegemee vidonge ninavyovielezea hapa chini.

Vidonge vya laktasi vimenipa uhuru wa kula nje. Kimeng'enya hicho hutolewa kwa ukungu wa jamii ya Aspergillus, na nguvu yake hupimwa kwa vipimo maalumu. Utakuta kwenye kopo imeandikwa 3,000, 6,000 au 9,000. Siri iko kwenye muda. Kidonge kinakwenda na tonge la kwanza, kwa sababu kazi yake ni kuikuta laktosi njiani. Ukikimeza baada ya tumbo kuanza kunguruma umechelewa, sukari imeshapita. Na mlo ukirefuka, krimu ikaja mwishoni baada ya maongezi ya saa nzima, meza kingine. Vya nguvu ndogo mimi sioni kazi yake mbele ya sahani iliyojaa jibini laini. Vya 9,000 vinafanya kazi, ingawa si kila mara, na hilo nalisema wazi maana maandishi ya kwenye kopo hayalisemi. Yako pia matone: unayatia kwenye maziwa ya kawaida, unayaacha kwenye friji kwa saa 24, na umejitengenezea maziwa yasiyo na laktosi mwenyewe. Kwa mwenye subira, matone ni ununuzi mzuri.

Tuje kwenye ya mimea, na hapa nina maneno mengi.

Soya ndiyo pekee, kati ya yanayopatikana kwa urahisi, ninayoweza kuiita mbadala kwa maana ya lishe. Ina protini ya gramu 3 na zaidi kidogo kwa kila mililita 100, karibu sawa na ya ng'ombe. Ladha yake ina harufu ya maharage ambayo huwezi kuificha, na mimi sijaipenda hadi leo, nimeizoea tu. Kwenye kahawa kali hukatika, mabonge meupe yakaelea juu, kwa sababu protini ya soya haipatani na asidi na joto vikikutana. Dawa yake ni kuipasha kwanza, kuiacha kahawa ipoe kidogo, kisha kumimina polepole. Kwenye uji na kwenye kuoka sina neno baya nayo.

Oti ndiyo tamu kuliko zote, na ndiyo inayodanganya kuliko zote. Ilitokana na kazi ya Rickard Öste na wenzake katika Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, miaka ya 1990, wakitafuta kinywaji kwa watu kama sisi. Nafaka husagwa na maji, halafu vimeng'enya huivunja wanga yake kuwa sukari. Ndiyo maana pakiti inaweza kuandika kwamba haikuongezwa sukari na bado ukanywa kitu kitamu: sukari imezaliwa humo humo ndani. Mwenye kisukari aisome lebo ya nyuma, si ya mbele. Protini yake ni kama gramu 1 kwa mililita 100. Zile zilizoandikwa kuwa ni za kahawa zimeongezwa mafuta na chumvi ya fosfati ili zisikatike na zitoe povu, na kwa kweli zinatoa. Ni kinywaji kizuri sana, na kwa kahawa yangu ya asubuhi sina kingine. Kukiita maziwa kwa maana ya chakula ndiko sikubali.

Lozi ni ya kwanza kati ya zile mbili nilizoahidi kuzitaja. Soma orodha ya viambato: pakiti nyingi zina lozi asilimia mbili au tatu, zilizobaki ni maji, vizito vya kuyashikilia na ladha. Protini haifiki hata gramu 1. Nikitaka lozi, natafuna lozi. Ya pili ni ya mchele, nyepesi, tamu kupita kiasi, karibu haina protini kabisa. Tena mpunga hufyonza aseniki kutoka ardhini na majini kuliko nafaka nyingine, na Uingereza mamlaka za afya zinashauri watoto walio chini ya miaka 5 wasipewe vinywaji vya mchele. Sina haja nayo.

Tui la nazi nimelitenga kwa sababu si la kunywa. Kwenye mchuzi linaifanya kazi ya krimu na kuipita, na hapo ndipo linapokaa nyumbani kwangu. Ile ya pakiti, iliyopunguzwa maji hadi inywewe, haina protini ya maana, na mafuta yake ni yale mazito.

Kuna vyakula vya maziwa nilivyoviacha bure kwa muda mrefu kwa sababu nilisikia neno "maziwa" nikakimbia. Jibini gumu lililokaa miezi mingi, kama cheddar au parmesan, halina laktosi ya kuhesabu: nyingi iliondoka na maji wakati wa kuligandisha, na iliyobaki imeliwa na bakteria. Siagi ina chembe tu, samli karibu haina. Mtindi wenye bakteria hai hunikalia vizuri kuliko maziwa, kwa sababu bakteria hao wanaingia tumboni na kimeng'enya chao wenyewe na wanaendelea kukata laktosi huko. Mtindi uliopashwa moto baada ya kuchachushwa umepoteza msaada huo, kwa hiyo tafuta uliosema bakteria wako hai. Na yule rafiki atakayekuambia uhamie maziwa ya mbuzi, mshukuru kwa nia njema: yana gramu 4 na kitu za laktosi kwa mililita 100, na ya ng'ombe yana kama 4.7. Tumbo halioni tofauti.

Laktosi hujificha pia. Mkate, soseji, supu za pakiti, biskuti, hata viungo vya kunyunyizia kwenye vibanzi. Maneno ya kuwinda ni unga wa maziwa, maziwa yaliyoondolewa mafuta, na yale maji ya jibini ambayo lebo nyingi huyaandika whey. Hata vidonge vya dawa hujazwa laktosi ili vishikamane. Kiasi chake huwa kidogo na wengi wetu hakitusumbui. Usiache dawa kwa sababu hiyo, muulize mfamasia kwanza.

Kalsiamu ndilo eneo ambalo wauzaji hawakuelezi vya kutosha. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku, na glasi ya maziwa ya ng'ombe inampa karibu 300. Ya mimea haina kiasi hicho kwa asili, huongezwa, na nzuri huongezwa hadi miligramu 120 kwa mililita 100, sawa na ya ng'ombe. Kalsiamu hiyo huzama chini ya pakiti. Usipotikisa unakunywa maji ya juu na kuitupa kalsiamu pamoja na pakiti. Unayojitengenezea nyumbani kwa blenda hayajaongezwa kitu, hata yawe matamu vipi. Tazama pia kama kuna vitamini B12, D na iodini. Vinginevyo, samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao na mboga za majani zitakusaidia, isipokuwa mchicha, ambao oksaleti yake huishika kalsiamu isifyonzwe. Na kwa mtoto ambaye hajafikisha mwaka, hakuna hata kimoja kati ya hivi vya mimea kinachochukua nafasi ya ziwa la mama au maziwa maalumu ya watoto wachanga.

Kama hali yako imeanza ghafla baada ya kuharisha vibaya, vuta subira. Maambukizi hukwangua ukuta wa utumbo pamoja na laktasi yake, na kwa wengi hurudi ukuta ukipona, wiki au miezi baadaye. Usijaze kabati pakiti za oti kabla hujajua.

Kilichobaki kunishinda ni aiskrimu. Ya nazi inaacha utando wa mafuta kwenye kaakaa, ya soya inakuwa na chembe za barafu, ya oti inakaribia lakini inayeyuka kabla hujafika nusu ya bakuli. Kwa hiyo nanunua ya kawaida, kijiko kimoja au viwili, nikiwa nimeshiba, na kidonge cha 9,000 kikiwa kimeshatangulia.