Baiskeli ya kike ya Kijapani: soma tairi kabla ya kutazama rangi

Kwa anayekwenda kazini, sokoni na msikitini kwa baiskeli katika mji tambarare kama Tanga, Zanzibar au sehemu kubwa ya Dar es Salaam, hakuna mtumba unaoishinda baiskeli ya kike kutoka Japani. Wajapani huiita mamachari, na "mama" hapo ni mama huyuhuyu. Fremu imeinama, kwa hiyo mwenye kanga, kanzu au suruali ya ofisini anapanda bila kurusha mguu. Kava la cheni linalinda nguo na mafuta. Madigadi, kikapu, keria, stendi, kengele, taa ya dinamo na kufuli ya gurudumu la nyuma vyote vimo. Anayenunua baiskeli ya milimani huja kuvitafuta kimoja kimoja, na madigadi ndiyo huyakumbuka masika yakishaanza.

Kosa la wanunuzi wengi ni kuchagua kwa rangi. Chagua kwa namba zilizo ubavuni mwa tairi. Inayofaa ni 26 x 1 3/8, ambayo mara nyingi huandikwa pia 37-590. Ukikuta 27 x 1 3/8, yaani 37-609, iache hata kama imenyooka na inang'aa: hiyo ni saizi ya Kijapani, na tairi yake ikiisha utahangaika. Tairi ya 27 ya baiskeli za zamani za mashindano ina kipenyo cha milimita 630, itapwaya. Hata "ishirini na sita" peke yake haitoshi, maana ya baiskeli ya milimani ni 559 na haipandi kwenye rimu ya 590. Muuzaji akisema zote ni moja, mwonyeshe namba.

Kisha tazama breki ya nyuma. Za bei nafuu zina ukanda unaobana chungu cha chuma kando ya haba, yaani kitovu cha gurudumu. Hii hupiga kelele ya kusikika mtaa wa pili, na hapo ndipo huharibiwa: mtu anatia mafuta ili inyamaze. Inanyamaza kweli, na haishiki tena. Kelele hutokana na ukanda uliochakaa ukawa laini kama kioo. Dawa yake ni ukanda mpya. Aina bora ni breki ya rola ya kampuni ya Shimano, iliyofungwa ndani, isiyojali mvua. Hiyo nayo inataka grisi yake maalumu, inayotiwa kupitia tundu dogo lenye kizibo cha mpira. Grisi ya kawaida huyeyuka kwa joto. Breki ya mbele inabana rimu, na rimu ya chuma ikilowa, unasimama umbali mrefu kuliko ulivyodhani. Siku ya mvua anza kufunga breki mapema.

Ya gia moja inatosha pwani. Ya gia tatu za ndani ya haba, ziitwazo Nexus, ni nzuri zaidi na kuirekebisha ni dakika moja: weka swichi kwenye 2, tazama kidirisha kilichopo mwishoni mwa waya karibu na ekseli, zungusha nati ya waya mpaka mstari wa ndani ukae katikati ya alama. Gia ikiteleza unapokanyaga kwa nguvu, usiendelee kukanyaga. Meno ya ndani yanalika, na hakuna fundi wa mtaani atakayeyachonga. Kwa Mwanza, au vilima vya Nairobi, sina neno zuri la kusema. Gia ya kwanza inapunguza mzigo kwa robo tu hivi, na baiskeli yenyewe ina kilo 18 hadi 20.

Kiti huja kikiwa chini mno, kwa sababu kwao mwendeshaji hupenda kukanyaga chini akiwa ameketi. Ukiendesha hivyo kilomita kumi kila siku, magoti yatakudai. Kipandishe mpaka goti libaki limekunjika kidogo pedali ikiwa chini. Bomba la kiti likifika kwenye alama ya mwisho, nunua refu zaidi lenye unene wa milimita 25.4.

Fundi aliyezoea Phoenix, baiskeli ya Kichina, ni msaada kwa tyubu na valvu, maana kampira ka valvu ni kalekale. Kwenye kranki, yaani mikono ya pedali, msimamie. Phoenix hutolewa kwa kugonga pini. Hii haina pini, ina ekseli ya pembe nne na inataka kifaa cha kuvutia. Nyundo hapa inaumiza gololi na vikombe vyake, na baada ya wiki chache kranki inayumba. Pancha ya nyuma nayo isikufanye ufungue gurudumu. Toa upande mmoja wa tairi, vuta tyubu nje, ziba, rudisha. Kufungua ni kazi ya breki, stendi, keria, madigadi na cheni kwa pamoja, na vikirudishwa vibaya kava linaanza kusugua. Jaza upepo kama PSI 45. Ukigonga ukingo wa barabara na tairi laini utapata matundu mawili sambamba na rimu iliyobonyea.

Zenye mota, epuka. Nyingi betri yake imeshakufa, na chaja ya Japani iliyoandikwa volti 100 tu ukiichomeka kwenye umeme wetu inaungua. Unabaki unasukuma chuma kizito bure. Zenye mkanda badala ya cheni pia ziache.

Kufuli ya gurudumu humzuia mwizi anayetaka kupanda, haimzuii anayetaka kubeba. Ongeza mnyororo.

Njia za baiskeli zilizokuja na mwendokasi kwenye Barabara ya Morogoro zinaifaa sana baiskeli hii, pale ambapo bodaboda na meza za biashara zimeacha nafasi ya kupita. Kimara ina mlima, utashuka usukume. Na Jangwani maji yakijaa, usipite. Yakifika juu ya haba grisi inaoshwa, na mlio wa kusaga huanza siku chache baadaye. Kama ulishapita, fungua haba ya mbele kabla ya kutu: gololi kumi kila upande za 3/16, grisi mpya, koni (nati zinazobana gololi) zikazwe mpaka gurudumu lisicheze lakini lizunguke lenyewe kwa uzito wa valvu.