Mirija ya Boomwhackers kwa mtoto mwenye usonji: nunua sita, si minane

Boomwhackers ni mirija myepesi ya plastiki yenye rangi, na kila mrija hutoa noti moja tu ukiugonga. Ilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1990, ikiwa ni ubunifu wa Craig Ramsell. Hapa tunaipima kwa kazi moja: kumfundisha muziki mtoto mwenye usonji. Kwa kazi hiyo ni chombo kizuri kweli. Shida iko kwenye seti ya kawaida ya mirija minane, ambayo humpa mtoto mambo mengi kwa mpigo.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba sauti inaonekana. Do ya chini ni mrija mwekundu wa karibu sentimita 63; do ya juu ni mfupi, kama nusu ya huo. Mtoto anayeelewa kwa macho kuliko kwa maneno anaona mwenyewe kwamba mrija ukifupika, sauti inapanda. Hakuna vidole vya kupanga wala pumzi ya kupuliza. Anagonga, inalia, na ni noti ileile kila mara.

Ila si kila mara kabisa. Mtoto akiziba mwisho mmoja kwa kiganja kisha akagonga, sauti inashuka oktava nzima, yaani umbali wa kutoka do ya juu hadi do ya chini. Vifuniko vinavyouzwa pembeni hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Mtoto mwenye sikio kali, aliyekwisha kukariri kwamba nyekundu inalia hivi, anaweza kufadhaika sana. Mwonyeshe mapema: ziba, gonga, fungua, gonga. Mambo yakishajulikana hayatishi.

Sasa rangi. Do zote mbili ni nyekundu, kwa kuwa ni noti moja katika oktava mbili. Mtoto anayelinganisha kadi ya rangi, inayomwonyesha noti ya kugonga, na mrija atachukua mwekundu wowote, na hapo hajakosea. Kadi ndiyo iliyomdanganya. Zungushia ule mfupi utepe mweupe, na chora mstari mweupe kwenye kadi yake. Fa ni kijani hafifu na so ni kijani kilichokoza, na darasa likiwa na giza kidogo hata mtu mzima huzichanganya.

Ndiyo maana tunasema sita. Toa fa na ti, ubaki na do, re, mi, so, la na do ya juu. Katika noti hizo hakuna mbili zilizoachana kwa nusu-toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za kinanda), hivyo hata watoto watano wakigonga kwa pamoja bila mpango, masikio hayaumii. Seti ya namna hiyo inauzwa. Ukiwa tayari unayo ya minane, funga hiyo miwili kabatini. Ukiiacha mezani, mtoto ataitaka.

Somo la kwanza linahitaji mrija mmoja tu. Gonga polepole kwenye paja lako, mtoto akiwa umbali anaoutaka yeye, halafu uweke chini karibu naye bila kumshikisha mkononi. Subiri. Hesabu hadi 10 kimoyomoyo, maana wengi wetu hurudia agizo mtoto akiwa bado analichakata lile la kwanza, na inambidi aanze upya. Paja hutoa sauti ndogo. Sakafu ya saruji hutoa kali. Anayeziba masikio abaki kwenye paja au mkeka, na vizuia-kelele viwe karibu naye.

Akizoea, panga kadi nne kutoka kushoto kwenda kulia: nyekundu, nyekundu, kijani, nyeupe. Nyeupe ni kunyamaza, na ndipo masomo mengi yanapoharibika. Mwalimu akihesabu kwa sauti "moja, mbili, tatu, nne", mtoto anagonga na kwenye nne, kwa sababu amesikia neno. Acha kuhesabu, gusa kadi kwa kidole, na kwenye nyeupe weka kiganja wazi juu yake. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, na kadi ya mwisho iwe ya kurudisha mirija kikapuni, ili ajue kipindi kinaishaje.

Rangi pia ina mtego wake: mtoto anaweza kucheza kwa miezi akisoma rangi tu bila kusikiliza. Andika d, r, m, s, l kwenye kadi tangu mwanzo, kama wanakwaya wanavyoandika, kisha punguza rangi kidogo kidogo hadi ibaki nukta. Ukihamia kwenye kinanda, bandika nukta zilezile. Angalia joto: kutoka nyuzi 20 hadi 30, sauti ya mirija hupanda karibu theluthi ya nusu-toni, na kinanda cha umeme hakipandi. Mwenye sikio kali atakataa kucheza na hatasema kwa nini. Kwenye nyuzi 30, pandisha noti ya la ya kinanda kutoka mitetemo 440 kwa sekunde hadi karibu 447.

Plastiki yake ni nyembamba. Kona ya meza huibonyeza, na mrija uliopinda sauti yake hufifia. Kwa mtoto anayegonga kwa nguvu zote, au anayetafuna, bomba la maji la plastiki la milimita 40 linafaa zaidi. Mita tatu zinatoa noti zote sita: karibu sentimita 64, 57, 50, 42, 37 na 31. Kata kila kipande kikizidi kwa sentimita moja, kisha kipunguze kwa msasa ukitazama programu ya kupimia noti kwenye simu. Sugua midomo hadi iwe laini, paka rangi, na ugongee kwenye soli ya kandambili iliyolazwa sakafuni. Bomba hili ni zito kuliko Boomwhackers, kwa hiyo wapigaji wakae mbalimbali, kila mmoja kwenye mkeka wake.