Ziara ya Korintho ya Kale kutoka Athens: nimeipenda, ila muda hautoshi

Nilikata tiketi ya ziara ya siku moja kutoka Athens hadi Korintho ya Kale, yapata kilomita 80 kwa basi. Nyaraka za Paulo kwa Wakorintho nazisoma tangu darasa la kipaimara, nikatamani kuuona mji wenyewe.

Tulianzia kwenye mfereji wa Korintho, wa kupitishia meli, uliofunguliwa 1893. Robo saa inatosha pale. Kumbe kabla yake watu wa kale walijenga barabara ya mawe, Diolkos, wakaburuta vyombo vya majini nchi kavu toka bahari moja hadi nyingine. Mji uliokalia shingo ya nchi namna hiyo ungekosaje utajiri?

Magofuni, mama aliyetuongoza alitusimamisha kwenye hekalu la Apolo. Nguzo saba zimebaki tangu karne ya 6 KK, kila moja jiwe moja zima, limekwaruzika na kuliwa na upepo. Kisha akatuambia tugeuke tuangalie chini sokoni: sehemu kubwa ya kile tulichokiona ni mji mwingine. Mwaka 146 KK jemadari wa Roma, Mummius, aliuteketeza ule wa kwanza. Wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Ni Julius Caesar aliyeamuru ujengwe upya mwaka 44 KK, wakaletwa walowezi, wengi wao watumwa walioachwa huru.

Nilipiga hesabu palepale. Paulo alipofika, mji huo mpya wa watumwa walioachwa huru ulikuwa haujatimiza hata miaka mia. Ndiyo maana anawakumbusha kwamba wenye vyeo kati yao si wengi! Nilisoma waraka ule miaka yote bila kuliona hilo. Pale kwenye Bema, kiti cha hukumu alikosimamishwa mbele ya Galio, liwali wa Kirumi, nilifungua Matendo 18 nikasoma kwa sauti, na wenzangu wakanyamaza kunisikiliza.

Lawama yangu ni muda. Tulipewa saa moja na nusu tu. Jiwe lenye jina la Erasto, jina ambalo Paulo naye analitaja, karibu na ukumbi wa michezo ya kuigiza, hatukulifikia, na ngome ya Akrokorintho, mita 575 juu ya bahari, tuliitazama kwa mbali dirishani. Kabla hujalipa, uliza mtakaa magofuni kwa muda gani, na kama kupanda ngomeni kumo. Mimi nitarudi kivyangu, nilale pale kijijini, nianze kupanda alfajiri jua halijawa kali.