Cidade Velha: Nilikwenda Mara Mbili, ya Pili Ndiyo Niliyouona Mji

Nilifika Cidade Velha mara mbili ndani ya wiki moja. Mara ya kwanza nilipelekwa, mara ya pili nilikwenda mwenyewe. Ndiyo maana naandika. Mtu akiniuliza kama mji ule unastahili nauli ya kuvuka bara zima la Afrika, kwanza namuuliza ataingilia wapi.

Kwa asiyeufahamu, Cidade Velha uko kisiwa cha Santiago, nchi ya Cabo Verde, umbali wa kilomita kama 15 magharibi mwa mji mkuu, Praia. Jina lake maana yake ni mji wa kale. Wareno waliuanzisha mwaka 1462 wakauita Ribeira Grande, na ndio mji wa kwanza kabisa wa kikoloni ambao Wazungu waliujenga katika nchi za joto. Visiwa vile vya volkeno havikuwa na wenyeji. Kila mtu alikuja kwa meli, na walio wengi walikuja wamefungwa. Mwaka 1466 mfalme wa Ureno aliwapa walowezi wa Santiago haki ya kufanya biashara katika pwani ya Guinea, na biashara yenyewe ilikuwa ya watu. Walinunuliwa bara, wakakusanywa hapa, kisha wakapelekwa Amerika. Tangu 2009 mji umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Safari ya kwanza ilikuwa ziara ya nusu siku niliyoilipia Praia. Gari zuri, kiyoyozi, maji ya chupa. Tukafika moja kwa moja kwenye ngome, kwa kuwa barabara ya kutoka Praia inapitia huko juu. Tukakaa karibu saa nzima tukisikia habari za mizinga. Kisha gari likateremka, tukatazama magofu ya kanisa kuu, tukapita Rua Banana kwa dakika kumi, tukasimama uwanjani kupiga picha ya nguzo moja ya marumaru, halafu tukaketishwa mkahawani ufukweni. Saa nane mchana tulikuwa tumerudi Praia. Sikudanganywa neno lolote, na dereva alikuwa mtu muungwana. Lakini usiku ule sikupata usingizi. Nilihisi nimeingizwa nyumbani kwa msiba kupitia dirishani, nikaonyeshwa silaha za mwenye nyumba, nikatolewa bila kupewa nafasi ya kutoa pole.

Ngome yenyewe ilinigusa kwa sababu zangu. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimekulia Mji wa Kale, na Ngomeni kwetu ni pa kupitia kila siku. Fortaleza Real de São Filipe ilianza kujengwa 1587, baada ya Mwingereza Francis Drake kuuvamia mji mwaka 1585. Aliyeamuru ijengwe ni Mfalme Felipe wa Hispania, ambaye wakati huo alikuwa akiitawala na Ureno. Mfalme huyo huyo ndiye aliyekuwa kwenye kiti Wareno walipojenga Ngome ya Yesu kwetu, kati ya 1593 na 1596. Nilipoona zile kona zilizochongoka, na kuta zilizoinama kidogo ili risasi za mizinga ziteleze, nilizijua kabla ya kuambiwa chochote. Jiwe tu ndilo tofauti. Letu ni tumbawe, lao ni jiwe jeusi la volkeno, na likipigwa na jua la adhuhuri huwezi kuliegemea.

Siku ya tatu nikapanda hiace. Ndiyo matatu za huko, na huitwa hivyo hivyo, hiace, kwa jina la gari. Haina saa maalumu, inaondoka ikijaa. Nilibanana na wanafunzi na mama mmoja aliyepakata ndoo ya samaki, na nauli ilikuwa sehemu ndogo sana ya ile niliyolipa kwenye ziara. Vilima vya njiani vilikuwa vikavu, rangi ya vumbi, na miiba hapa na pale. Mvua huko huja kati ya Agosti na Oktoba, tena miaka mingine haiji. Kisha barabara inainama, na ghafla unaona bonde la kijani limeshikana na bahari: minazi, miembe, migomba, miwa. Abiria wa ziara hawalioni hivi, kwa kuwa wametua juu na macho yao yako kwenye mizinga.

Uwanjani nilipata kijana mzaliwa wa pale anayetembeza wageni. Kikriolu ndiyo lugha yake, Kireno anakijua, na Kiingereza chake kilitosha. Nikamuuliza tuanzie wapi. Akaninyooshea kidole baharini.

Hapo ndipo ziara yangu ilipoanza kweli. Ghuba ni ndogo, imezungukwa na mawe meusi, na mashua za wavuvi zilizopakwa rangi zilikuwa zimevutwa juu ya kokoto. Akanieleza kwa nini mji uliwekwa pale ilhali bandari ya Praia ni pana zaidi. Sababu ni maji matamu. Mto uliokuwa ukishuka bondeni ndio ulioupa mji jina lake la kwanza, Ribeira Grande, yaani mto mkubwa, na meli iliyotaka kuvuka Atlantiki ilihitaji maji kabla ya kitu kingine. Nikasimama pale nikajaribu kuwaza mtu anashushwa kwenye kokoto zile, hajui lugha ya yeyote aliye mbele yake.

Kutoka ufukweni hadi ile nguzo ni hatua chache tu. Sikuliona hilo mara ya kwanza, kwa sababu tulishushwa upande wa pili. Wanaiita Pelourinho. Ni ya mwanzoni mwa karne ya 16, marumaru nyeupe katika mji wa mawe meusi, imechongwa kwa ufundi, na kazi yake ilikuwa kuwafunga na kuwachapa watu hadharani. Mara ya kwanza niliipiga picha. Mara ya pili nilikaa kwenye kivuli nikaitazama, na simu ikabaki mfukoni. Watoto walikuwa wakicheza mpira karibu yake, mama mmoja akiuza vikuku na vitambaa. Kijana aliniacha nikae ninavyotaka, na kwa hilo namshukuru kuliko maelezo yote aliyonipa.

Kisha tukaenda kanisa la Nossa Senhora do Rosário, lililoanzishwa 1495 na ambalo bado linasaliwa. Ni dogo na la kawaida kwa nje. Ndani kuna kikanisa cha pembeni chenye dari ya mbavu za mawe, na sakafuni mmelazwa mawe ya makaburi yenye maandishi yaliyosuguliwa na nyayo. Kijana akaniambia kwamba watu wengi walibatizwa na kufundishwa maneno machache kabla ya kusafirishwa, na aliyefundishwa aliuzwa kwa bei ya juu kuliko mwenzake. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, na yeye mwenyewe ni muumini wa kanisa lile. Nilimheshimu sana.

Rua Banana iko ubavuni mwa kanisa. Ni mtaa mfupi wa nyumba za chini za mawe, nyingine zimeezekwa makuti, na mbele ya milango kuna maua na kuku. Wanasema ndio mtaa wa kwanza wa Wazungu katika nchi za joto. Nakuomba ukumbuke kwamba watu wanaishi mle. Mara ya kwanza wenzangu wa kwenye gari walichungulia milangoni na kupiga picha nguo zilizoanikwa, nami niliona haya kwa niaba yetu sote. Salimia kwanza. “Tudu dretu?” inatosha, na utajibiwa kwa tabasamu. Bibi mmoja, ambaye kijana alimwita Nha kwa heshima kama sisi tunavyosema Bi, alitukaribisha tukae kwenye kizingiti chake. Alilalamika kwamba nyumba ikiwa ya urithi wa dunia, mwenyewe hawezi kubadili hata paa bila ruhusa, na ruhusa inachelewa. Watu wa Mji wa Kale wa Mombasa na wa Lamu wanalijua vyema lalamiko hilo.

Magofu ya kanisa kuu, Sé, sikuyakawia. Lilianza kujengwa 1556, likamalizika karibu na 1700, na mwaka 1712 Mfaransa Jacques Cassard akauteka na kuupora mji. Karne na nusu ya kujenga, miaka kama 12 ya kutumia. Zimebaki kuta na anga.

Bondeni ndiko nilikopumzika. Kuna njia ya mguu inayopita chini ya miembe hadi konventi, yaani nyumba ya watawa, ya São Francisco ya karne ya 17, na njiani kuna kinu cha miwa wanakopikia grogue, pombe yao ya kienyeji. Sinywi, kwa hiyo ladha yake waulize wengine, lakini harufu ya maji ya miwa yakichemka ilinirudisha utotoni. Hapo pia kijana alinieleza habari za panu di tera, vitambaa vya pamba vilivyofumwa na watumwa kwa vipande vyembamba kisha vikashonwa pamoja. Vilikuwa na thamani kiasi cha kutumika kama fedha katika pwani ya Guinea. Yaani mtumwa alifuma kitambaa, na kitambaa kikamnunua mtumwa mwingine. Ilinibidi nimwombe alirudie neno hilo.

Ngome tuliiacha mwisho. Tukapanda kwa miguu saa kumi jioni, mita zaidi ya mia moja juu ya mji, njia ya mawe na mwinuko mkali. Vaa viatu vya kufunga na ubebe maji. Na sasa, nilipotazama chini, kila kitu kilikuwa na mahali pake: ghuba, nguzo, kanisa, mtaa wa wafanyabiashara, bonde. Mizinga ilikuwa pale kulinda mali, na mali ilikuwa watu. Maelezo yaliyobandikwa ngomeni hayatamki hivyo waziwazi, na hilo ni kosa kubwa kuliko yote niliyoyaona. Habari za wafalme, maharamia na wajenzi zimejaa. Za walioshushwa ufukweni ni chache mno.

Kasoro nyingine ni za kawaida. Vibao vya njiani ni vichache. Kivuli hakuna ukishatoka bondeni. Mikahawa ya ufukweni hujaa mwisho wa wiki na chakula huchelewa. Beba pesa taslimu kutoka Praia. Fedha ni escudo, na thamani yake imefungwa kwa euro, kama escudo 110 kwa euro moja, kwa hiyo ukija na euro huhangaiki. Hiace hupungua jua likizama, usingojee giza ukiwa unataka kurudi.

Mimi sikurudi. Nilipanga chumba, na usiku nikasikia wanawake wakipiga batuku nyumba ya jirani: wamekaa duara, kila mmoja ana bunda la nguo mapajani analipiga kwa viganja, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia. Haikuwa onyesho la mtalii, hakuna aliyelipa. Asubuhi nikala kachupa iliyokaangwa, ambayo ni pure yetu hasa, mahindi na maharagwe, ila wao huichemsha kutwa. Waislamu wenzangu, ulizeni kabla hamjaagiza, maana mara nyingi hutiwa nguruwe. Ya samaki ipo, na yangu ilikuwa na jodari.

Kabla ya kupanda hiace nilipita tena Rua Banana kumuaga yule bibi, kijana akiwa mkalimani wetu. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mombasa, akatikisa kichwa, hapajui. Nikamweleza kwamba meli za Vasco da Gama zilitia nanga kwenye kisiwa chake mwishoni mwa Julai 1497, na Aprili 1498 zikafika kwetu. Akahesabu miezi kwa vidole, polepole, akaishiwa na mkono wa kwanza akaenda wa pili, akafikia minane. Kisha akauliza kama na sisi tuna mawe meusi. Nikamfungulia picha ya Ngomeni kwenye simu, akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho, akaitazama muda mrefu.