Filamu mbili ninazoziheshimu, ila kuzirudia ni kazi

Ukiniuliza uanze na ipi kati ya Grave of the Fireflies (Japani, 1988) na Come and See (Umoja wa Kisovieti, 1985), nitakuambia ya kwanza, na leso iwe karibu.

Zote ni za watoto vitani. Grave of the Fireflies, ya mwongozaji Isao Takahata, ni katuni: Seita na mdogo wake Setsuko wanapambana na njaa mwaka 1945, baada ya Kobe kupigwa mabomu. Mwanzoni kabisa Seita mwenyewe anataja usiku aliofariki, kwa hiyo hungoji muujiza. Kinachoniumiza ni kile kikopo cha pipi. Zikiisha, anatia maji, anatikisa, mdogo wake anakunywa utamu uliobaki. Nililia sana, lakini mapenzi ya ndugu hawa yalinipa pa kuegemea.

Elem Klimov, mwongozaji wa Come and See, hakupi hata hapo pa kuegemea. Flyora, mvulana wa Belarusi mwaka 1943, anaanza akichekelea bunduki aliyoifukua mchangani. Mwishoni uso wake una makunyanzi ya mzee. Wanakijiji wanafungiwa ndani na kuchomwa moto. Mabomu yakilipuka, masikio yake yanavuma, na yako pia. Sikulia. Nilikaa tu, kifua kimebana.

Kwa ufundi, ya Klimov iko juu. Kuifurahia? Hapana. Ya Takahata naweza kuirudia nikiwa na mtu pembeni. Ya Klimov nimeitazama mara moja, imenitosha, na bado nawahimiza rafiki zangu waitazame.