Courage na ile laana ya Mfalme Ramses: katuni kali, ila app imenikera sana

Naandika na hasira zangu hivi hivi maana sioni zikiisha leo. Mliokua na Cartoon Network mnamkumbuka Courage, yule mbwa wa pinki mwoga anayeishi na bibi Muriel na mzee Eustace kule Nowhere, Kansas, nyumba moja tu nyikani hakuna jirani. Sasa kuna ile sehemu ya Ramses, wezi wameiba jiwe kwenye kaburi la huyo Farao, Courage analipata, mzee akisikia lina hela ndefu anang'ang'ana nalo hata aambiweje. Binti yangu yuko la pili, aliniganda tuiangalie, nikafungua kwenye app ya katuni ninayoilipia kila mwezi bila kuchelewa.

Ramses anatokea usiku, nje, kwa mbali, mrefu mwembamba, anayumbayumba kama nguo kwenye kamba, na sauti yake inaburuta maneno anadai jiwe lake. Wenzake wamechorwa kawaida ila yeye katengenezwa kwa kompyuta, kwa hiyo ukimwangalia unajua kabisa huyu si wa pale, katoka kwingine. Nywele zilinisisimka mimi mtu mzima. Na hapo hapo app ikaganda! Ramses kajaa kwenye tivii, haondoki, kale kaduara kanazunguka katikati ya uso wake, nabonyeza rimoti wapi, nikachomoa waya nikawasha upya, ikafunguka palepale kwenye sura ileile, mtoto akatoka mbio hadi chumbani.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada kapokea, nimeeleza yote, ananijibu "Mama, si katuni tu hiyo, mtoto atazoea." Nikamwambia dada yangu sijakuuliza habari za mwanangu, nakuuliza mbona app yenu inaganda na bando ninalo, video nyingine zinacheza safi tu. Akasema nizime modemu, akakata simu. Akakata! Hata pole hakuna.

Usiku mtoto chooni haendi peke yake, taa ya korido isizimwe. Ikabidi nimuulize anaogopa nini hasa, akaniambia anaogopa lile jiwe letu tunalozuilia mlango wa jikoni, Ramses atalifuata. Nikalibeba usiku uleule nikalitupa nje ya geti, maana kwa kilichooneshwa na ile app Farao anadai jiwe, hajapewa, basi, imeishia hapo. Asubuhi nikaandika kwenye grupu la wazazi wa darasa lao msiwaoneshe watoto hii kitu, haifai kabisa.

Halafu mdogo wangu akaja nayo kwenye flashi, nzima, tukaiangalia mchana mlango wazi. Jamani. Mzee anaonywa, anakataa, maji yanajaa nyumba nzima. Anakataa tena, linakuja pigo la muziki, wimbo unamsifia Ramses mwenyewe unapigwa mfululizo hadi unakera, na mwanangu aliyekuwa kajificha nyuma ya kochi akatoka akaanza kuucheza. Mwisho nzige, wanatafuna kila kitu. Jiwe likirudi kwa mwenyewe mambo yanatulia, na mzee mroho yanamkuta ya kumkuta. Mtoto kauliza, "Kwa hiyo alitaka chake tu?" Nikamwambia ndiyo mama, chake tu. Siku hiyo kaenda chooni mwenyewe, taa kawasha mwenyewe.

Kwa hiyo grupuni nimeandika tena, ni nzuri, waoneshwe, ila iwe nzima na mkae nao. Ingawa hapo pia nasita, mtoto wa mdogo wangu wa chekechea alilia toka ile sauti ya kwanza na hakunyamazishika, kwa hiyo wadogo kabisa hapana, wasubiri. Hii ni katuni iliyoanza mwaka 1999 na bado inamtisha mtu kwa kumsimamisha tu mzimu uwanjani akaongea, hakuna damu wala nini, waliotengeneza wanaijua kazi yao.

Wasioijua kazi ni hao wa app. Tena nikiandika hapa nimejaribu kuifungua niwape haki yao labda wamerekebisha, imeganda pale pale kwa Ramses. Hela yangu hawajarudisha, simu zangu hawapokei, na mwezi huu silipii hata senti tano.