Namba za bahati nasibu: uchague mwenyewe au uiachie mashine?

Kwa uwezekano wa kushinda, ngoma droo. Kwenye mchezo wa namba 6 kati ya 49, kila tiketi ina nafasi 1 kati ya 13,983,816, hata ukijaza 1, 2, 3, 4, 5, 6. Namba "zilizochelewa", yaani ambazo hazijatoka muda mrefu, je? Mipira haina kumbukumbu.

Tofauti iko kwenye kugawana zawadi. Wanaochagua wenyewe hufanana: tarehe za kuzaliwa haziwavushi 31, wengine hujaza namba zilizo kwenye mstari mmoja wa tiketi. Uingereza, Januari 1995, tiketi 133 ziligawana zawadi kuu moja. Hapo naipa mashine.

Namba zako zina raha yake, ila ni kifungo: ukiruka droo moja, roho juu zisije zikatoka siku hiyo. Mwenye wasiwasi huo aiachie mashine. Wa mara mojamoja achague azipendazo, zikiwemo za juu ya 31.